Alikariri kaunti zote 47, akaulizwa habari za mamake

HEBU nikuulize, msomaji wangu wa Jumapili. Kama leo hii ungeitwa mbele ya meza, mtu usiyemjua ameketi upande wa pili na faili lako mkononi, akuambie, "Thibitisha kwamba wewe ni wa hapa," ungeanzia wapi? Ungetoa kitambulisho, bila shaka. Haya, kiweke kando kitambulisho hicho. Sasa ungeanzia wapi?

Swali hili limenikaa kichwani tangu jirani yangu aliporudi kutoka Nairobi mwezi uliopita, alikokuwa amekwenda kufanya mahojiano ya uraia. Jina lake nalihifadhi kwa sababu faili lake lingali mezani pa wakubwa. Hapa kwetu Milimani, mjini Kisumu, wanawake wenzake humwita Nyar Shirati, yaani binti wa Shirati, naye huitika bila kinyongo. Shirati, kwa wasioijua, iko upande wa Tanzania, wilayani Rorya katika mkoa wa Mara, ufuoni mwa ziwa lili hili tunaloliona sisi tukisimama kwenye roshani. Watu wa kule huongea Kijaluo kama cha Migori, hukaanga omena zile zile, na wakifiwa huomboleza kama sisi. Mpaka uliotutenganisha nao ulichorwa na Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka wa 1886, na nina hakika hakuna aliyeulizwa huku wala kule.

Aliolewa na Mkenya mwaka wa 2009. Mumewe ni mhasibu, mtu wa maneno machache. Wana watoto watatu na wote wamezaliwa hapa hapa mjini. Katika nyumba hiyo ya watu watano, mgeni ni mmoja tu, na ndiye anayejua sukari imewekwa wapi.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyar Shirati jembe amelishika kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Ameketi katika mikutano ya wazazi shuleni, amechanga kwenye matanga ya majirani, ameendesha chama chetu cha akina mama bila kupotea hata shilingi. Lakini siku za uchaguzi, mwaka wa 2013, 2017 na 2022, sisi tulipokuwa kwenye foleni tangu alfajiri, yeye alibaki nyumbani akitulelea watoto. Wangu mwenyewe nimemwachia mara mbili. Sikuwahi kumuuliza anajisikiaje. Nilimshukuru tu nikamwonyesha kidole chenye wino.

Muda wote huo amekuwa akiishi kwa pasi ya mtegemezi, ile karatasi anayopewa mke au mtoto wa mtu. Yamkini angeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si mwaka jana mumewe kuanguka ofisini. Alilazwa wiki mbili. Namshukuru Mungu alipona, sasa anakwenda kazini na fimbo yake. Lakini usiku mmoja wa wiki hizo mbili, mama huyu akiwa ameketi kando ya kitanda akihesabu matone ya maji ya dripu, wazo lilimjia ambalo halikumtoka tena.

"Karatasi yangu imesimama kwa jina lake," aliniambia. "Yeye akienda leo, kesho mimi ni nani hapa?"

Usidhani ni uoga wa bure. Wana ploti ndogo waliyonunua kando ya barabara ya kwenda Kakamega, na Katiba yetu katika kifungu cha 65 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Watoto watatu ni Wakenya kamili kwa kuzaliwa. Mama yao angebaki mpangaji wa watoto wake.

Basi akaamua kuomba. Wenzake tulifurahi mno. Wengine tulishangaa kwamba kumbe hakuwa ameomba kitambo, maana haki hiyo alikuwa nayo miaka mingi. Katiba tuliyoizindua Agosti 27, 2010, katika kifungu cha 15, inasema mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Hapo hakuna mume wala mke, wote ni sawa. Katiba ya zamani haikuwa hivyo. Mke mgeni wa mwanamume Mkenya aliweza kuomba mara moja bila kungoja miaka saba, lakini mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakuwa na haki hiyo. Wako akina dada wa mji huu walioolewa na Waganda na Wakongo ambao waume zao walihesabiwa watalii ndani ya nyumba zao. Hilo limekwisha, na si jambo dogo.

Sasa njoo nikupeleke jikoni kwa jirani yangu, kwa maana hapo ndipo matayarisho yalipofanyikia.

Kosa lilikuwa la shemeji yake aliye Marekani. Huyu alipata uraia wa huko miaka kadhaa iliyopita, na aliposikia habari akapiga simu kwa kishindo. Alimweleza kwamba kule mwombaji hupewa orodha ya maswali ya historia na serikali, yake yeye yalikuwa 100, kisha afisa humuuliza hadi kumi kwa mdomo na lazima apate sita. (Tangu Oktoba 2025 wameongeza: orodha ina maswali 128, unaulizwa hadi ishirini na ni lazima upate kumi na mawili.) Kule Uingereza nako, akasema, unakalishwa mbele ya kompyuta kwa dakika 45, maswali 24, ukikosa zaidi ya sita umeanguka. "Kwa hiyo soma, shemeji! Usituaibishe!"

Naye akasoma. Kifungua mimba wake, msichana wa sekondari, ndiye aliyekuwa mwalimu. Yule kitinda mimba alileta kitabu chake cha shule. Kila jioni, sufuria ya ugali ikiwa mekoni, nilisikia kupitia ukuta wa fleti zetu: kaunti namba moja Mombasa, namba mbili Kwale, namba tatu Kilifi, mpaka arubaini na mbili Kisumu, mpaka arubaini na saba Nairobi. Alikuwa akikwama Tharaka Nithi. Kila siku hapo hapo. Binti humpigia meza, "Mama, rudia!" naye hurudia kama mtoto wa nasari. Akakariri rangi za bendera na maana zake, marais watano kwa mfuatano, sura 18 za Katiba, siku ya Madaraka na siku ya Jamhuri na nini kilitokea kila moja. Wimbo wa taifa aliujua zamani, beti zote tatu. Wangapi kati yetu tunaijua beti ya tatu?

Siku moja alinibana nami nitaje kaunti zote. Mimi, mzaliwa wa Kenya, mwenye diploma ya uandishi wa habari, niliishia thelathini na tisa. Watoto walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Lakini sheria haikumtaka ayajue hayo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 ina milango tofauti. Yule anayeomba kwa sababu ameishi nchini kihalali miaka saba mfululizo, mfanyabiashara au mwalimu au mmishonari, huyo ndiye anayetakiwa awe na ujuzi wa kutosha kuhusu Kenya na haki na wajibu wa raia, aweze kuelewa na kuongea Kiswahili au lugha ya wenyeji, na ionekane ana la kuchangia katika maendeleo. Anayeingia kwa mlango wa ndoa hujaribiwa kwa jambo jingine. Serikali inataka kujua kama ndoa ni ndoa, au ni karatasi iliyonunuliwa. Asiwe pia amewahi kufungwa miaka mitatu au zaidi. Jirani yangu alikuwa amejiandaa kwa mtihani wa darasa jingine.

Alipanda basi la usiku na mumewe. Alivaa gauni la kitenge ambalo alilishonesha kwa ajili ya harusi ya mdogo wa mumewe, akachukua bahasha ya kaki yenye kila kitu: cheti cha ndoa, pasi za zamani tangu ile ya kwanza, barua za Wakenya wanaomjua (moja ni yangu), cheti cha polisi cha tabia njema, picha za harusi ambazo hakuna aliyemwagiza azibebe. Walifika ofisini milango haijafunguliwa.

Mumewe aliitwa kwanza. Alikaa ndani karibu nusu saa, akatoka akifuta miwani yake, akaketi bila kusema neno. Kisha akaitwa yeye.

Afisa alikuwa mzee wa makamo, kichwa kimejaa mvi. Jirani yangu, kwa mazoea ya kwao, alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo."

Yule mzee aliinua macho taratibu. Akafikiri. Halafu akasema, "Eeh, mzuri sana."

Hapo, nakwambia, nusura acheke, na anasema kicheko hicho alichokimeza ndicho kilichomtoa wasiwasi. Maana huku bara kwetu shikamoo tuliisoma katika vitabu vya shule tukaifanyia mtihani, basi. Mazungumzo yote yalikwenda hivyo, afisa akiongea Kiswahili chetu cha ofisini, chenye "hiyo mtoto" na "hiyo maneno", naye akijibu kwa "naomba" na "samahani" na "isipokuwa", mpaka yule mzee akamwambia, "Mama, sehemu ya lugha umepita. Pengine ni wewe ungenifanyia mimi mahojiano."

Kisha maswali yakaanza. Mlikutana wapi. Nani aliwakutanisha. Mahari ilikuwa ng'ombe wangapi na wangapi bado hawajatolewa. (Wawili. Mumewe alikuwa amesema mmoja. Hilo lilizua maneno baadaye ndani ya basi.) Mama mkwe wako anaitwa nani, na kabla hajaolewa alikuwa nyar wapi. Bwana akiumwa hutaka kula nini. Mtoto wa pili alizaliwa siku gani na mvua ilikuwa inanyesha au la. Kodi ya nyumba hulipwa tarehe ngapi. Alijibu yote. Alingoja kaunti. Kaunti hazikuja. Alingoja marais, wapi! Afisa alikuwa akiandika polepole kwa kalamu ya wino, akifunga faili kisha akilifungua tena, na jirani yangu tayari alikuwa ameanza kukusanya bahasha yake.

"Mama yako yuko hai?" yule mzee akauliza.

"Yuko hai. Yuko nyumbani, Shirati."

"Wewe ni mtoto wake wa ngapi?"

"Niko peke yangu."

"Ana shamba?"

"Analo. Ekari nne."

Mzee akaweka kalamu chini. "Unajua sisi Kenya tunakubali mtu awe na uraia wa nchi mbili. Lakini kwenu hawakubali."

"Najua."

"Umemwambia mama yako?"

Msomaji, jirani yangu si mtu wa kuishiwa na maneno. Kwenye chama ndiye hunyamazisha wote. Lakini hapo, kwa maneno yake mwenyewe, ulimi uligeuka jiwe. Jasho likamtoka. Kwa miezi yote ile ya kukariri, alikuwa amezungumza na mumewe, na watoto, na wakili mmoja rafiki yao, na sisi majirani. Mamake hakumwambia. Kila alipopiga simu Jumapili walizungumza habari za mvua na mguu unaouma.

"Bado," akasema.

Yule mzee akatikisa kichwa, akaandika kitu. Mpaka leo hajui aliandika nini. Akamwambia aende nyumbani angoje barua.

Wako watakaosema swali lile halikumhusu afisa. Mimi nasema lilimhusu, na laiti wote wangekuwa wanaliuliza. Tanzania, kwa Sheria yake ya Uraia ya mwaka wa 1995, haimkubali mtu mzima aliyejiombea uraia wa nchi nyingine kubaki na wa kwao. Siku Nyar Shirati atakaposajiliwa kuwa Mkenya, siku hiyo atakuwa si Mtanzania. Na kwa sheria zao za ardhi za 1999, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Serikali yao imeanza kuwafungulia wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine dirisha linaloitwa hadhi maalum, lakini hadhi si uraia, na mama wa Shirati mwenye ekari nne za mihogo na mahindi haelewi habari ya madirisha. Anaelewa kwamba ana mtoto mmoja.

Sasa tazama ulivyo mtego wenyewe. Akibaki Mtanzania, ni mgeni katika ploti ya barabara ya Kakamega aliyoilipia kwa pesa za chama. Akiwa Mkenya, ni mgeni katika shamba alikozikwa babake. Na pasipoti yake na ya mumewe zote mbili zina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jalada! Jumuiya hiyo ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 30, 1999, ikatupa soko la pamoja mwaka wa 2010, lakini uraia wa pamoja haimo. Kama mumewe angekuwa ameoa Tororo badala ya Shirati, tusingekuwa na hadithi ya kuandika, kwani Uganda iliufungulia mlango uraia wa nchi mbili katika marekebisho ya katiba yao ya 2005. Aliyeoa Kongo angepata shida ile ile ya Tanzania. Bahati ya mtu inategemea aligeukia upande gani wa ziwa kutafuta mchumba.

Jioni aliporudi kutoka Nairobi tuliketi kibarazani, yeye, mimi, na mzee mmoja wa Kihindi anayekaa nyumba ya mkabala, moja ya zile nyumba za zamani za Milimani zenye bustani ambazo hazijabomolewa kujengwa fleti. Mzee huyu huja kila jioni kulalamikia kelele za jenereta. Siku hiyo alisahau jenereta. Alisikiliza kisa chote, akanyamaza, kisha akatueleza kisa chake.

Babake alizaliwa Kisumu, wazazi wake wakiwa wametoka Gujarat. Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, aliyezaliwa hapa na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa alikuwa raia papo hapo. Wengine kama babake, wazaliwa wa hapa lakini si wazazi wao, walipewa miaka miwili kujisajili, mpaka Desemba 12, 1965, na sharti lilikuwa kuachana na uraia wao mwingine. Mbili hazikuruhusiwa. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1962 ilionyesha Waasia karibu 177,000 nchini, na wengi wao waliokuwa wakikabiliwa na uamuzi huo walingoja. Kila usiku mezani palikuwa na mabishano, alisema. Ndugu wanne wa duka moja. Mwishowe waligawana kama watu wanaogawana mayai katika vikapu: wawili wakachukua Kenya, mmoja akabaki na pasipoti ya Uingereza, mmoja akarudi India.

Mwaka wa 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara, na asiye raia akaanza kubanwa sehemu za kuuzia. Yule ndugu mwenye pasipoti ya Uingereza alipoona hivyo alifunga virago, kwani Waingereza nao walikuwa wakitayarisha sheria ya kuwazuia watu kama yeye, sheria ambayo bunge lao liliipitisha kwa siku tatu na ikaanza Machi 1, 1968. Alipata ndege mwishoni mwa Februari. "Walikwenda kumsindikiza wote," mzee alisema. "Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nilidhani anakwenda likizo."

Akamgeukia jirani yangu. "Babangu alichukua Kenya na hakujuta. Lakini alikuwa akisema, wangekaa kwanza na mama yao kabla ya kwenda ofisini. Kila mmoja alikwenda kivyake. Nyanya alijua kwa kusikia."

Hapo ndipo nilipoona kwamba kibarazani petu mna watu wenye mali fulani ambayo hatuihesabu. Huyu mama ana nchi mbili anazopaswa kuchagua. Mzee wa Kihindi familia yake ilikuwa na tatu. Wapo waliokuwa hawana hata moja. Wamakonde wa Kwale, waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa kizazi baada ya kizazi bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais, ndipo wakatambuliwa. Na hapa kwetu, kule Kibos, wapo Wanubi ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari kabla hata Kisumu haijawa mji wa maana, na bado vijana wao walikuwa wakifikishwa mbele ya kamati za wazee kuhojiwa nasaba zao ndipo wapewe kitambulisho. Kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua mwezi wa Machi 2011 kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto hao. Huyo kijana wa Kinubi akiulizwa "kwenu ni wapi?" hana Shirati ya kufikiria.

Najua miongoni mwenu mnaosoma ukurasa huu kuna nyumba zenye hali hii. Kisumu ni mji wa ziwa na reli, na wake na waume wametoka Musoma, Jinja, Bukoba na Bukavu. Kuhusu ada na fomu usiulize jirani, kwa maana hubadilika. Uliza idara yenyewe au tazama eCitizen. Ila jambo hili la nyumbani hakuna fomu yake. Kaeni chini. Mpigieni nyanya simu mapema, na kama hana simu panda gari uende. Mueleze kwa lugha yake kitakachobadilika na kisichobadilika. Usimwachie afisa awe wa kwanza kulitaja jina lake.

Jirani yangu alichukua wiki mbili kupata ujasiri. Jumapili iliyopita alinigongea mlango akaniomba niketi naye tu, nisiseme kitu. Akapiga simu akaiweka kwa sauti juu ya meza, kando ya ndizi alizokuwa akimenya.

Mamake hakulia wala hakufoka. Alieleza habari za mwaka wa 1977. Mimi niliisoma historia hiyo darasani: Jumuiya ya kwanza ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka, ukakaa hivyo hadi Novemba 1983. Yeye hakuitaja Jumuiya. Alieleza kuhusu meli ya Victoria, waliyokuwa wakipanda kuja Kisumu kununua vitambaa, ambayo siku moja haikuja. Alikuwa na dada aliyeolewa upande wa Migori. Waliendelea kuonana, kwa mtumbwi, usiku, kama wezi. Dada huyo alipojifungua pacha, habari zilifika mwezi wa tatu, na pacha mmoja alikuwa ameshazikwa.

"Sasa wewe utakuwa upande ule," mamake alisema kwa Kijaluo. "Nikifa, pale Sirari utapanga foleni na wageni?"

"Nitapanga, mama."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Tulisikia kuku, na mtu akitwanga mahali fulani.

"Barua hiyo imekuja?"

"Bado, mama."

"Basi uje kabla haijaja. Mahindi yameiva na mimi mguu huu hauniruhusu kuvuna."

Ameondoka Ijumaa kwa gari la asubuhi, kupitia Kisii na Migori. Watoto watatu ameniachia mimi. Kitinda mimba ameniletea kile kitabu chake cha shule, anasema nianzie kaunti ya arubaini.